GEORG SIMON OHM, MWANA WA FUNDI WA KUFULI

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kiliamua kwamba kila atakayeandika maisha ya mtu mashuhuri achague mtu aliyefariki zamani, na amweleze kwa maneno yake mwenyewe. Wenzangu wengi walikimbilia washairi na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua Mjerumani mmoja aliyefundisha shule za sekondari kwa miaka mingi, jina lake Georg Simon Ohm. Najua wengine mtacheka mkidhani nimepotea njia, eti makala haya yalifaa chama cha Sayansi. Hebu ngojeni kwanza niwaambie kilichonifanya nimchague.

Muhula wa pili tulikuwa na zoezi la Fizikia katika maabara. Tulikuwa wanne kwenye meza moja. Tulipewa mawe mawili ya tochi, swichi, amita ya kupima umeme unaopita, na waya mwembamba wa nikromu uliobanwa juu ya rula ya mita moja. Voltimita hazikutosha, kwa hivyo meza yetu haikupata. Kazi yetu ilikuwa kupitisha umeme katika sentimita 20 za waya ule, kisha 40, kisha 80, na kuandika amita inasoma ngapi kila mara.

Tulijua, au niseme tulidhani tunajua, kwamba urefu wa waya ukiongezeka mara mbili umeme unaopita hupungua hadi nusu. Sentimita 20 zilitupa ampea 0.90. Basi kwa sentimita 40 tukangojea 0.45. Amita ikasema 0.54. Tukasogeza klipu hadi 80 tukingojea 0.22 na ushei. Amita ikasema 0.31. Tukatazamana. Mmoja wetu akaigonga amita kwa kidole, lakini mshale ukakaa palepale.

Kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa karibu na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu. Nikafuta zile namba mbili, nikaandika 0.45 na 0.22. Sisi wanafunzi jambo hilo huliita kupika. Basi mimi nilipika, nikapakua, nikampelekea mwalimu.

Mwalimu alilitazama daftari kwa muda mrefu. Aliniuliza mawe tuliyotumia yalikuwa mapya au yale ya zamani. Nikamjibu kwamba yalikuwa ya zamani. Hapo hapo nikajua nimepatikana ingawa sikujua nimepatikana vipi. Alitutia sifuri kwa wino mwekundu, wanne wote kwa kosa langu. Halafu, badala ya kunichapa maneno, aliniagiza nikasome maisha ya mtu ambaye herufi yake ya Kigiriki nilikuwa nikiiandika kila siku bila kumjua, nirudi nimweleze mtu huyo alifanya nini alipokosea. Huu ndio mwanzo wa safari yangu na Ohm.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi mwaka wa 1789 katika mji wa Erlangen, ambao leo uko katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake alikuwa binti wa mshonaji nguo. Hawakuwa watu wa mali. Walijaliwa watoto saba, lakini ni watatu tu walioishi hadi utu uzima: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao. Georg alipokuwa na umri wa miaka kumi mama yao naye akafariki dunia.

Sasa msomaji, huyu baba ndiye mtu wa kustaajabisha. Hakuwa amesoma shule za maana, lakini alijisomea mwenyewe mpaka akaijua hisabati, fizikia na kemia kiasi cha kuweza kuwafundisha wanawe. Mchana alichonga funguo na kutengeneza vitasa, na wakati mwingine alikaa na Georg na Martin akiwafunza hesabu ambazo hata shule yao haikuwa ikizifunza vizuri. Wavulana hao wawili walikuja kuwa wasomi wakubwa: Martin akawa profesa wa hisabati, na Georg akawa huyu ninayewasimulia. Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini msidhani Georg alikuwa malaika. Mwaka wa 1805, akiwa na miaka kumi na sita, umri wangu huu huu, aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Kufika huko akalewa uhuru. Masomo aliyaweka kando, akawa mtu wa dansi, wa kuteleza juu ya barafu na wa kucheza biliadi. Baba yake alikasirika mno kuona mwanawe anachezea nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata maishani. Baada ya mihula mitatu Georg alitolewa chuoni akapelekwa Uswisi, na mwezi wa Septemba mwaka wa 1806 akawa mwalimu wa hisabati katika shule moja mahali panapoitwa Gottstadt. Hebu fikiria! Kijana wa miaka kumi na saba, jana alikuwa akicheza dansi, leo ameshika chaki.

Huko ugenini ndiko alikopata akili. Alifundisha, na baadaye akawa mwalimu wa nyumbani katika mji wa Neuchâtel, huku akijisomea peke yake vitabu vya wataalamu wa hisabati kama Euler na Laplace. Kumbe ule mfano wa baba yake wa kujisomea haukupotea bure. Mwaka wa 1811 alirudi Erlangen, na tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo akatunukiwa shahada ya udaktari. Alifundisha hapo chuoni kwa mihula mitatu, lakini mshahara ulikuwa mdogo na hakuona mlango wa kupanda cheo. Mwaka wa 1813 akaenda kufundisha katika shule duni mjini Bamberg. Shule hiyo nayo ilifungwa mwaka wa 1816, akahamishiwa nyingine mjini humo humo. Ndoto yake ilikuwa kuwa profesa wa chuo kikuu. Miaka ilikuwa ikienda, naye yuko palepale.

Heri ilianza kumjia mwaka wa 1817 alipopata kazi ya kufundisha hisabati na fizikia katika shule kubwa ya sekondari mjini Cologne, iliyokuwa zamani ya Wajesuti. Shule hiyo ilikuwa na maabara yenye vifaa vizuri. Mnamo mwaka wa 1820 habari zilienea Ulaya kwamba Mdenmaki Hans Christian Oersted amegundua kuwa waya unaopitisha umeme huisukuma sindano ya sumaku. Ohm aliona kwamba hapo pana njia ya kupima umeme. Sindano ikisukumwa sana, umeme ni mwingi. Ikisukumwa kidogo, umeme ni kidogo. Akaanza kufanya majaribio baada ya kazi ya darasani. Mikono ya mwana wa fundi wa kufuli ilimfaa sana, maana vifaa vingine alivitengeneza mwenyewe.

Kabla sijaendelea, wacha niyaeleze mambo matatu ambayo Ohm alitaka kujua yanahusianaje. Tuchukue tangi la maji lililo juu ya mnara nyuma ya jikoni la shule yetu. Maji yale yanasukuma kuja chini kwa sababu tangi limeinuliwa. Msukumo huo ni kama volteji, nao hupimwa kwa volti. Maji yanayopita kwenye mpira kila sekunde ni kama mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa ampea. Halafu mpira wenyewe: ukiwa mwembamba na mrefu maji hupita kwa taabu, ukiwa mpana na mfupi maji hutiririka. Taabu hiyo ya kupita ni kama ukinzani, nao hupimwa kwa omu, jina la huyu huyu Ohm. Ukiinua tangi, maji mengi zaidi hupita. Ukirefusha mpira, maji hupungua. Haya hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyaona. Swali la Ohm lilikuwa gumu kuliko hilo: hupungua kwa kiasi gani hasa?

Hapa ndipo nilipoanza kusoma kwa makini, kwa maana hapa ndipo Ohm alipokosea.

Mwaka wa 1825 alichapisha matokeo yake ya kwanza. Alikuwa ametumia betri ya aina ile iliyobuniwa na Mwitaliano Alessandro Volta, akapitisha umeme katika waya za urefu mbalimbali na kupima jinsi nguvu inavyopungua. Kutokana na vipimo hivyo akaunda kanuni ya hesabu yenye logi ndani yake. Kanuni hiyo haikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa betri. Betri za siku zile zilikuwa zikichoka upesi mtu akiendelea kuzitumia, kwa hivyo wakati Ohm anapima waya wa tatu, msukumo haukuwa tena ule aliopimia waya wa kwanza. Ni kama mtu anayepima mipira ya maji huku tangi likishuka kidogo kidogo bila yeye kuliona. Atadhani mipira ndiyo yenye makosa.

Kosa lenyewe lilikuwa limekwisha kuchapishwa na wasomi wote walikuwa wamelisoma. Mwalimu wa sekondari anayetafuta uprofesa angeweza kunyamaza, au kupindapinda namba zake mpya zifuate kanuni yake ya zamani ili asiaibike. Nakiri kwamba mimi ningefanya hivyo, kwa kuwa nilikwisha fanya kwa sababu ya alama chache tu. Ohm hakufanya hivyo. Alirudi mezani akaanza upya.

Mhariri mmoja wa jarida la sayansi, Johann Christian Poggendorff, alikuwa amemshauri aiache betri na kutumia ugunduzi wa Thomas Seebeck wa mwaka wa 1821. Seebeck aliona kwamba ukiunganisha madini mawili tofauti, na ungio moja ukalitia joto na jingine ukalitia baridi, umeme hupita. Ohm alichukua bismathi na shaba. Ungio moja akaliweka penye maji yanayochemka, jingine penye barafu. Maji yanayochemka hukaa kwenye nyuzi 100 na barafu inayoyeyuka hukaa kwenye sifuri, leo na kesho. Kwa hivyo msukumo wa umeme nao ukatulia, haukuchoka. Volteji yake ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwa ya kuaminika.

Akaning'iniza sindano ya sumaku kwa uzi mwembamba wa madini juu ya sakiti yake. Umeme ulipopita sindano iligeuka, naye akausokota uzi kutoka juu mpaka sindano ikarudi mahali pake. Kadiri alivyolazimika kuusokota zaidi ndivyo alivyojua mkondo ni mkubwa zaidi. Mwezi wa Januari mwaka wa 1826 alijaribu waya nane za shaba zenye unene mmoja. Urefu wake, kwa inchi za wakati ule, ulikuwa 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130.

Sasa naomba msomaji usikimbie hesabu, kwa sababu utamu uko hapa. Katika vipimo vya siku moja, waya wa inchi 2 ulimpa 326.75, na waya wa inchi 130 ulimpa 48.5. Tazama vizuri. Waya uliongezeka urefu mara 65, lakini mkondo ulipungua takriban mara 7 tu! Nilipoziona namba hizo nilisimama pale maktaba. Tatizo la Ohm lilikuwa lile lile la meza yetu: mkondo ulikuwa umekataa kupungua kama mtu alivyotarajia.

Ohm hakufuta namba. Alijiuliza umeme ulikuwa ukipita wapi kwingine. Jibu ni kwamba haukuwa ukipita katika ule waya wa kupimwa peke yake. Ulizunguka sakiti nzima: ndani ya bismathi, ndani ya shaba, katika maungio yote, na kote huko ulikutana na ukinzani. Akaona kwamba sehemu hiyo nyingine ya sakiti ilikuwa sawa na kuongeza waya wa inchi 20.25 hivi, ambao upo kila mara hata kama huuoni. Ongeza 20.25 kwenye 2 upate 22.25. Ongeza 20.25 kwenye 130 upate 150.25. Sasa zidisha: 326.75 mara 22.25 ni karibu 7,270, na 48.5 mara 150.25 ni karibu 7,287. Tofauti yake ni ndogo mno. Waya zote nane zilifuata mtindo huo huo. Kwa ufupi, mkondo ni msukumo ukigawanywa kwa ukinzani wa njia nzima.

Nilichomoa daftari langu pale pale. Zile namba nilizozifuta kwa raba bado zilionekana kwa mbali. Nikajaribu kuongeza sentimita 10 kwa kila urefu, kwa ajili ya mawe, amita na nyaya za kuunganishia. Sentimita 20 zikawa 30, zidisha kwa 0.90, unapata 27. Sentimita 40 zikawa 50, zidisha kwa 0.54, unapata 27. Sentimita 80 zikawa 90, zidisha kwa 0.31, unapata karibu 28. Lo! Amita haikuwa imekosea. Mawe ya zamani huwa na ukinzani mwingi ndani yake, na ndiyo sababu mwalimu aliniuliza kuhusu mawe. Namba zangu safi, 0.45 na 0.22, zisingeweza kutoka kwa mawe yale hata siku moja. Nilikuwa nimeufuta ukweli nikaandika uongo, tena nikidhani ninamsaidia Ohm.

Turudi kwake. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1826 aliomba likizo ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda Berlin alikokuwa ndugu yake Martin, ili aandike kitabu. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1827 na kilieleza sakiti ya umeme kwa njia ya hisabati. Alitumaini kwamba kwa kitabu hicho atapata uprofesa. Wapi! Kilipokelewa kwa baridi. Wasomi wengi wa Ujerumani wakati ule hawakuzoea fizikia iliyoandikwa kwa hisabati nyingi namna ile, na wengine waliona falsafa ni bora kuliko majaribio ya waya na barafu. Mwanafizikia Georg Friedrich Pohl wa Berlin alikikosoa vikali. Ohm aliumia moyo hata akajiuzulu kazi yake ya Cologne mwaka wa 1828.

Wakati mwaka wa 1825 alipokosea, alikubali na kujisahihisha. Mwaka wa 1827 alikuwa sahihi, na watu walipomwambia amekosea, hakubadilisha namba zake ili awapendeze. Tabia iliyomfanya akiri kosa ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya asimame na ukweli. Kwa miaka kadhaa aliishi Berlin akifundisha saa chache kwa juma katika shule ya kijeshi, mtu mwenye udaktari na kanuni kubwa ya dunia mkononi. Hakuwahi kuoa.

Pole pole mambo yalibadilika. Mwaka wa 1831 Gustav Fechner wa Leipzig alichapisha majaribio yake mengi yaliyoonyesha kwamba kanuni ya Ohm ni ya kweli. Mwaka wa 1833 Ohm akapata kazi katika chuo cha ufundi mjini Nuremberg, na mwaka wa 1839 akawa mkuu wa chuo hicho. Halafu mwaka wa 1841 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunuku nishani ya Copley, mojawapo ya heshima kubwa kabisa za sayansi siku zile. Nabii hupata heshima ugenini kabla ya nyumbani. Mwaka wa 1849 alihamia Munich, na mwaka wa 1852 hatimaye akapewa kiti cha profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha huko. Alikuwa na umri wa miaka 63. Kiti alichokitamani tangu ujana alikikalia miaka miwili tu. Alifariki Munich tarehe 6 Julai mwaka wa 1854.

Jambo jingine nililolipata katika kusoma kwangu ni hili. Mwingereza tajiri, Henry Cavendish, alikuwa amekaribia kanuni hii hii miaka mingi kabla ya Ohm. Hakuwa na amita, kwa hivyo alijipitishia umeme mwilini na kupima kwa jinsi alivyoshtuka! Lakini hakuyatangaza aliyoyapata, na karatasi zake zilichapishwa mwaka wa 1879, wakati yeye na Ohm wote walikuwa wamekufa. Cavendish aliuacha ukweli kabatini. Ohm alichapisha hadharani, hata kosa lake alilichapisha, na kwa hivyo dunia ilimjua. Mwaka wa 1881 mkutano wa kimataifa wa mambo ya umeme uliofanyika Paris ulikubali majina ya vipimo: volti kwa heshima ya Volta, ampea kwa heshima ya Mfaransa Ampère, na omu kwa heshima ya mwana wa fundi wa kufuli.

Huenda msomaji unauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi huku? Nitakupa mfano wa plotini kwetu. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Pasi yenye ukinzani wa omu 48 ikichomekwa hupitisha ampea 5, yaani 240 ukigawanya kwa 48. Sasa kuna jirani aliyevuta stima hadi chumba cha nyuma kwa waya mrefu mwembamba. Balbu yake huwaka vizuri ikiwa peke yake, lakini akichomeka pasi balbu hufifia, naye husema stima ni mbaya. Tuseme waya ule una omu 4. Njia nzima ni omu 52, kwa hivyo mkondo ni ampea 4.6 hivi. Waya peke yake unakula kama volti 18, na volti hizo hugeuka joto njiani. Ule waya hupata moto, tena umepita chini ya zulia! Nilimweleza haya jioni moja, naye akamwita fundi akauondoa na kuweka mnene unaofaa. Kanuni ya Ohm si ya mtihani tu. Ni kweli haifuatwi na kila kitu, na hata waya wa kawaida hubadilisha ukinzani ukipata moto, lakini kwa nyaya zilizo katika joto lisilobadilika inakwenda sawa kabisa.

Nilirudi kwa mwalimu wiki iliyofuata. Nilimweleza yale ya mwaka wa 1825 na yale ya mwaka wa 1826. Halafu nikamwonyesha ukurasa wangu, nikakiri kwamba mimi ndiye niliyefuta na kwamba wenzangu watatu walisoma amita sawasawa. Mdomo ulinikauka. Nilimwomba awarudishie alama wao, yangu ibaki sifuri. Alinitaka kwanza nizidishe zile namba ubaoni mbele yake, 27, 27 na 28. Aliwarudishia wenzangu. Sifuri yangu iko mpaka leo, na sijaifunika kwa karatasi.

Siku hizi penseli yangu haina raba. Nikikosea napiga mstari mmoja ili kilichokuwepo kiendelee kusomeka, kisha naandika kando yake. Mwenzangu mmoja wa meza ile ameanza kufanya vivyo hivyo. Nakuomba nawe msomaji, hasa wewe wa kidato cha kwanza ambaye bado hujaanza kupika, amita ikikwambia jambo usilolitarajia, usiifute upesi. Iulize kwanza umeme unapita wapi kwingine.

Wasaa umeniishia. Naweka kalamu yangu chini hapa. Kwaherini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu